Jinsi ya kutafuta taarifa kwa AI bila kupotezwa: kutoka kwenye meza ya steshenari

Nina steshenari ndogo hapa mjini, fotokopi, kuprinti, kuskani, maombi ya vyuo, maombi ya mikopo, vyeti vya kuzaliwa, yaani kila karatasi ya mtaa huu inapita mezani kwangu. Zamani watu walikuwa wanakuja na swali, "kaka, hivi mkopo unaombwaje?" Siku hizi wanakuja na jibu. Wameshauliza AI usiku kwenye simu, wamepiga skrinishoti, na wanachotaka kwangu ni niwajazie fomu kama skrinishoti inavyosema.

Kuna dogo mmoja alikuja na ya kwake imepangwa vizuri kabisa, hatua ya kwanza mpaka ya saba, na mwisho tarehe ya kufungwa dirisha la maombi. Nikamwambia ngoja kwanza tuingie tovuti ya Bodi ya Mikopo yenyewe, tukakuta ile tarehe ni ya msimu uliopita. Na kwenye hatua zote saba hakukuwa na neno hata moja kuhusu kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, yaani wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo, kitu ambacho usipokifanya mapema unakuja kukwama katikati ya fomu. Dogo hakufanya uzembe wowote. Aliuliza, akajibiwa kwa kujiamini, akaamini. Iliniuma sana kwa sababu angechelewa siku chache tu mwaka wake ungepotea, na kwao hakuna mtu wa kumlipia ada.

Ndo maana nimekaa kuandika hii. Mi sipingani na AI, naitumia kila siku na imenirahisishia kazi mno. Ila kila anayekuja kugongesha muhuri wa wakili kwenye kopi ya cheti anaulizwa swali moja: orijino iko wapi? Bila orijino kopi haigongwi hata iwe safi vipi. Jibu la AI ni kopi. Nitakuonyesha namna ya kuifanya ikupeleke kwenye orijino.

Kwanza ujue unaongea na nini

Wengine wanaita akili bandia, wengine akili mnemba, wengine akili unde, mtaani tunasema AI tu. ChatGPT ilitoka tarehe 30 Novemba 2022, baada ya hapo zikamiminika, Gemini ya Google, Claude ya Anthropic, Copilot ya Microsoft, na Meta AI ambayo wengi mmeikuta tu ndani ya WhatsApp bila hata kuiomba. Zote kwa ndani zinafanana: zimesomeshwa maandishi mengi mno, na zikijibu zinakadiria neno gani lifuate, afu lingine, afu lingine. Kwa hiyo sentensi inanyooka kila wakati, hata pale ambapo kitu chenyewe hakipo. Mtu akidanganya huwa anasita, macho yanahangaika, sauti inashuka, unamshtukia. Hii haisiti. Namba ya kweli na namba ya kubuni zinatoka kwa sauti ileile, na hapo ndo watu wanapoumia.

Kitu cha pili, masomo yake yana tarehe ya mwisho. Yaliyotokea baada ya hapo haiyajui mpaka iingie mtandaoni. Kuna wakati inajibu kutoka kichwani na kuna wakati inaingia mtandaoni, inasoma kurasa kadhaa, ndo inakujibu. Utajuaje? Angalia chini au pembeni ya jibu, kama kuna linki au vinamba vidogo vya kubonyeza basi imetafuta. Kama hakuna chochote, imejibu kutoka kichwani. Mi nimejizoesha kila swali la tarehe, bei, ada, sheria, ratiba au jina la kiongozi aliyepo madarakani naanza na maneno "tafuta mtandaoni kwanza". Kwa swali la kueleweshwa jambo, mfano riba inakokotolewaje au tofauti ya kampuni na jina la biashara, kichwani panatosha kabisa na huwa inaeleza vizuri kuliko watu wengi.

Namna ya kuuliza, na hapa nitakaa kidogo

Kuna dada mmoja ni mjamzito, kaajiriwa kampuni binafsi hapahapa Tanzania Bara, aliandika kwenye simu: "likizo ya uzazi ni muda gani". Basi. Akajibiwa miezi mitatu, na mume wiki mbili. Akafurahi, mume naye akaanza kupanga wiki zake mbili. Sasa hayo ni ya Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 na baba wiki 2. Kwetu Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za malipo, na akijifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo ni siku 100. Baba ni siku 3. Tatu! Hebu fikiria yule mume kazini siku ya nne.

AI haikukosea kusoma, swali ndo halikuwa na nchi. Kiswahili kinaongewa Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Burundi, Rwanda, mpaka Oman kuna watu wanaandika Kiswahili, kwa hiyo ukiandika Kiswahili bila kutaja nchi umeiachia ibahatishe. Na hata "Tanzania" peke yake mara nyingine haitoshi kwa sababu Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Na. 11 ya 2005. Kwa hiyo andika Bara au Zanzibar.

Swali la yule dada tuliliandika upya pamoja, nakuwekea kama lilivyokuwa ulitumie kama kiolezo:

"Mimi ni mwajiriwa wa kampuni binafsi Tanzania Bara. Nataka kujua likizo ya uzazi kwa sheria inayotumika sasa hivi. Tafuta mtandaoni. Nipe jina la sheria, mwaka wake, namba ya kifungu, maneno ya kifungu chenyewe kama yalivyoandikwa, na linki ya sheria yenyewe, sio makala ya mtu anayeielezea. Kama kuna marekebisho ya karibuni niambie. Kama hujaipata sheria yenyewe sema hujaipata."

Angalia kilichomo. Mimi ni nani. Niko wapi. Ya lini. Nataka orijino gani. Na ile sentensi ya mwisho usiiache hata siku moja, kwa sababu usipoipa ruhusa ya kusema "sijapata" itajitahidi ikupe kitu, na kujitahidi kwake ndo kunakozaa vifungu ambavyo havipo. Hiyo ya marekebisho nayo muhimu, mwaka 2025 sheria za kazi zilifanyiwa marekebisho wakaongezewa muda akina mama wanaojifungua watoto njiti, na ukiuliza AI inayojibu kutoka kichwani unaweza kupewa ya zamani bila hilo.

Usiogope kuandika swali refu. Watu wamezoea Google ya maneno matatu, "ada chuo uuguzi", huku ni tofauti, huku unaeleza kama unavyomweleza mtu aliyekaa mbele yako na hana haraka. Na kama hujui useme nini, iambie yenyewe ikuulize: "kabla hujajibu niulize maswali matatu ili uelewe hali yangu". Hiyo njia inanisaidia sana na wazee wanaokuja na mambo ya mirathi, maana wanasimulia kuanzia babu, na yale maswali matatu yanawaleta kwenye jambo.

Kwenda kwenye orijino

Umepewa jibu lina linki. Sasa bonyeza. Najua inachosha, najua bando, lakini usipobonyeza hujafanya kitu. Mara nyingine linki haifunguki kabisa, ukurasa haupo, hapo jibu lote liweke pembeni. Mara nyingine inafunguka vizuri ila ndani kumeandikwa kitu kingine, na hii inatokea zaidi kuliko watu wanavyodhani.

Angalia anwani imeishaje. Tovuti za serikali Tanzania zinaishia .go.tz, Kenya .go.ke, Uganda .go.ug, Rwanda .gov.rw. Jina la taasisi likiwa katikati ya anwani ndefu inayoishia na kitu kingine, hiyo sio yao, na msimu wa ajira na mikopo vitovuti vya namna hiyo vinaota kama uyoga, vingine vinaomba hela kabisa. Kwa sheria na hukumu ingia TanzLII kwa Tanzania, Kenya Law kwa Kenya, ULII kwa Uganda, zote ni bure.

AI isipoipata karatasi yenyewe, rudi Google uandike hivi: mwongozo mikopo site:go.tz filetype:pdf. Hilo neno site: na nukta mbili linaiambia itafute kwenye tovuti za go.tz tu, na filetype:pdf linaiambia ilete PDF tu. Usiache nafasi baada ya nukta mbili. Kama una maneno unayajua yalivyo, yafunge kwa alama za kunukuu, italeta kurasa zenye maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo. Hivi vitu ni vya zamani kabla hata ya AI lakini watu wengi hawavijui, na nikiwaonyesha wanashangaa kwa nini hawakufundishwa shule.

PDF imefunguka, ina kurasa tisini, usisome zote. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl na F, kwenye simu bonyeza vidoti vitatu vya juu utaona sehemu ya kutafuta neno kwenye ukurasa. Andika neno moja, mfano "uzazi", na kama sheria imeandikwa Kiingereza andika "maternity". Sasa sikiliza hapa kwa sababu hii wengi inawapoteza: ikikwambia neno halipo, usikimbilie kusema halipo. PDF nyingi za ofisi ni karatasi iliyopigwa picha kwenye skana, ndani hakuna herufi, kuna picha ya herufi. Jaribu kushika mstari kwa kidole kama unataka kuukopi, ukikataa kushikika hiyo ni picha, kutafuta neno hakutafanya kazi, itabidi usome kwa macho. Na ukiipa AI faili la namna hiyo uwe makini na namba, mi nimeshaona 3 ikisomwa 8 na 1 ikisomwa 7, hasa kama skana ilikuwa chafu au karatasi ilikunjwa. Kwenye ada hiyo ni hela ya watu.

PDF ikiwa na herufi za kweli ndo raha inapoanza. Ipakie kwenye AI, afu andika: "Jibu kutoka kwenye faili hili tu. Kila unachosema nitajie ukurasa na uninukulie maneno yake. Kama halimo, sema halimo." Google wana kitu kinaitwa NotebookLM kimetengenezwa kwa kazi hii hasa, unakiwekea nyaraka zako, kinajibu kutoka humo, na kila sentensi ina kinamba ukibonyeza kinakupeleka pale ilipotoka. Mwongozo wa kurasa tisini unaumaliza kwa dakika kumi, na umeuona kwa macho yako.

Tahadhari moja ya sheria: namba za vifungu huweza kuhama toleo jipya likitoka, na Tanzania Toleo la Urekebu la 2023 lilizinduliwa Aprili 2025. Kwa hiyo ukinukuu kifungu kwenye barua andika na toleo ulilolisoma.

Kiswahili, Kiingereza, na ile habari ya saa

Watu wananiuliza niulize kwa lugha gani. Jibu langu: uliza kwa Kiswahili, lakini iambie itafute kwa Kiswahili na Kiingereza, afu ijibu kwa Kiswahili. Maandishi ya Kiingereza mtandaoni ni mengi mara nyingi zaidi, na sheria zetu nyingi, tafiti za kilimo, maelezo ya dawa, yameandikwa Kiingereza. Ukiibana kwenye Kiswahili peke yake itaokota kidogo kilichopo, na kidogo hicho mara nyingi ni vitu vilivyokopiwa kutoka kimoja kwenda kingine. Ila kama kitu chenyewe ni cha kwetu, tangazo la halmashauri, taarifa ya wizara, habari ya redio, Kiswahili ndo kinaleta.

Neno la kitaalamu likitafsiriwa usiliamini haraka, iambie AI ikuandikie na neno la asili pembeni ili ukienda kwenye karatasi ujue unatafuta nini.

Na saa. Jamani saa. Sisi saa 2 asubuhi ni 08:00, saa 8 mchana ni 14:00. AI imesoma zaidi maandishi ya watu wanaoanza kuhesabu siku usiku wa manane, kwa hiyo ukiiambia "nipangie safari, basi linaondoka saa 12 asubuhi" kuna siku itaelewa vizuri na kuna siku itakupangia adhuhuri. Nimeona ratiba ya usaili iliyotafsiriwa kwa AI, saa 3 asubuhi ikawa 3:00 ya usiku wa manane, na mtu anajiuliza ofisi gani inasaili watu usiku. Dawa yake rahisi, andika zote mbili kila mara, "saa 3 asubuhi, yaani 09:00", na ikikujibu muda idai iandike kwa saa 24. Tarehe vilevile, 03/04 kwetu ni tarehe 3 Aprili lakini kwa Wamarekani ni Machi 4, andika mwezi kwa jina.

Usiiulize kama inasema kweli

Kuna kesi ya New York mwaka 2023 inaitwa Mata dhidi ya Avianca. Mawakili walitumia ChatGPT kutafuta hukumu za kuunga mkono hoja yao, ikawapa, na majina na namba, wakaziweka kwenye nyaraka za mahakama. Hukumu hazikuwepo. Jaji P. Kevin Castel akawapiga faini ya dola 5,000. Kinachonigusa kwenye hii kesi ni kwamba mmoja wao alitilia shaka, akaiuliza ChatGPT yenyewe, je kesi hii ni ya kweli? Ikamjibu ndiyo ni ya kweli. Akaridhika.

Yaani alimuuliza mwizi kama ameiba. Ukitilia shaka toka nje ya chati. Nenda kwenye orijino, au orijino ikikosekana uliza AI nyingine tofauti bila kuionyesha jibu la kwanza, majibu yakipishana unajua pa kuchimba. Yakifanana bado sio ushahidi, maana zote zinaweza kuwa zimesoma ukurasa uleule mbovu.

Wanafunzi wa vyuo hii inawahusu sana. Marejeo ya AI kwenye ripoti, kila moja lichukue jina la makala, lifunge kwa alama za kunukuu, litafute Google Scholar. Lisipotokea, toa. Kama lina namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho wa makala mtandaoni, ipachike kwenye doi.org uone inafungua nini. Nimeprinti ripoti za watu wenye marejeo ishirini na nikawaomba tuangalie matatu tu kabla ya kubaindi, na mara nyingine hata moja halikuwepo, mwandishi yupo kweli, jarida lipo kweli, makala hakuna. Msimamizi akigundua hilo hata kazi yako halali haitasomwa kwa moyo.

Swali linaloelemea upande mmoja

AI inapenda kukubaliana na wewe. Ukiandika "kwa nini chai ya artemisia inatibu malaria" itakuandikia sababu, tena nzuri. Ukiandika "je, chai ya artemisia inatibu malaria, ushahidi unasemaje pande zote mbili, na WHO inasema nini" unapata kitu kingine kabisa: kwamba dawa za malaria za kundi la artemisinini kweli zinatokana na mmea huo, lakini WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, haishauri kutumia mmea wenyewe kama chai au majani kutibu wala kuzuia malaria, kwa sababu kiwango cha dawa kwenye majani hakieleweki na kikiwa kidogo hakimalizi vimelea. Swali moja, mtoto mmoja mwenye homa, majibu mawili.

Kwa hiyo kabla hujatuma lisome swali lako, je umeshaweka jibu ndani yake? Kama umeweka, lifute uandike "je".

Na kwa habari ya afya mimi nina mpaka ambao sivuki na naomba na wewe usivuke. AI itumie kuelewa karatasi ya majibu ya maabara inasema nini, kuandaa maswali ya kumuuliza daktari, kujua dawa hii na hii zinagombana au la ili ukamuulize mfamasia. Dozi usichukue huko. Dozi ya mtoto kabisa usichukue huko, maana inategemea uzito na AI haimwoni mtoto. Homa, nenda ukapime kwanza, kipimo cha haraka cha malaria ni dakika chache. Degedege, kutokwa damu, mtoto anashindwa kunyonya, hapo weka simu chini mwite bodaboda.

Picha

Wakulima hii wanaipenda. Unapiga picha jani lenye ugonjwa unauliza. Piga mchana, jani upande wa juu na wa chini, afu mmea mzima, picha tatu, na andika zao, mkoa, umri wa mmea, mvua zikoje. Picha moja ya jioni yenye kivuli itakupa jibu la kubahatisha. Kwa muhogo kuna apu ya PlantVillage inaitwa Nuru, ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani pamoja na FAO na IITA, inatambua batobato na michirizi ya kahawia, inaongea Kiswahili, na inafanya kazi hata shambani pasipo na mtandao. Mimi kwa muhogo ningeanza na hiyo kabla ya hizi za kujibu kila kitu. Na kabla hujanunua sumu yoyote ya dukani kwa sababu AI imeitaja, mwonyeshe afisa ugani picha hizohizo.

Picha inayozunguka WhatsApp, "angalia kilichotokea jana", ipitishe kwenye Google Lens, ile ya kutafuta kwa picha, uone ilishawahi kutokea wapi. Nyingi ni za miaka iliyopita, nchi nyingine.

Mambo ya siri, na kompyuta ya watu

Usiandike kwenye AI namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), PIN ya M-Pesa, nywila, wala usipakie fomu ya hospitali yenye jina la mtu. Ukitaka msaada wa barua weka "Fulani" na namba sifuri, utajaza mwenyewe baadaye kwenye Word. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Kenya wanayo yao ya 2019, lakini sheria haiwezi kurudisha kitu ulichokwisha kutuma. Ingia pia kwenye mipangilio ya akaunti, kuna sehemu ya kuzuia maongezi yako yasitumike kuifundisha AI, zima.

Mkija steshenari, yangu au ya mtu mwingine yeyote, mkimaliza tokeni kwenye akaunti. Naomba sana. Kila jioni kabla ya kufunga nakuta akaunti za watu ziko wazi, barua pepe, chati za AI zenye mambo ya ndoa, mambo ya ugonjwa, madeni. Nazitoa mimi, lakini sio kila mwenye kompyuta atazitoa. Kama unaweza fungua dirisha fiche la kivinjari (incognito), ukilifunga linajisahau lenyewe.

Bando likiwa dogo, liandike swali lote kwenye daftari la simu kwanza ukiwa nje ya mtandao, lisome mara mbili, afu washa data utume mara moja, na iambie "jibu kwa mistari mitano na linki". Ujumbe mmoja uliokamilika unakula kidogo kuliko kumi ya kusahihishana, na akaunti za bure zina kikomo cha maswali. Usinunue "akaunti ya AI" kwa mtu wa mtaani, na apu ipakue kwenye duka rasmi la simu yako, angalia jina la kampuni iliyoitengeneza.

Ukishapata, hifadhi

Skrinishoti ya jibu la AI haina kazi ofisini. Ofisi inataka karatasi. Kwa hiyo ukiifikia orijino andika mahali: jina la waraka, nani ameutoa, mwaka, ukurasa, linki, na tarehe uliyoufungua, maana tovuti hubadilishwa. Ukihofia ukurasa utaondolewa upeleke kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni, utahifadhiwa ulivyo siku hiyo.

Yule dada wa likizo tulimwandalia hivyohivyo. Sikumprintia sheria nzima, ingemla hela bure. Nilimprintia kurasa mbili, ule wa kwanza wenye jina la sheria na mwaka, na ule wenye kifungu cha 33, nikampigia mstari kwa kalamu ya njano pale palipoandikwa siku 84. Ukija na wewe niambie ukurasa gani unataka, na uje umeshausoma.